Mnafu wa Januari

Wiki ya kwanza ya Januari, barabara zote za mlimani huelekea chini. Kutoka Rombo, Mwika, Marangu, Kilema, Uru, Kibosho na Machame, magari yanashuka kuja Moshi mjini yamebeba watoto waliolala, mikungu ya mshare, madumu ya maziwa mgando, na nyama ya mbuzi iliyofungwa kwa majani ya mgomba, zawadi ya ndugu ambaye mwaka huu hakuweza kupanda. Stendi inafurika mpaka usiku. Wengi wanaunganisha kwenda Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza. Sisi wa Soweto, mtaa wa hapa Moshi, tunashukia hapa hapa. Tunapakia mizigo kwenye bajaji, tunafungua madirisha ya nyumba zilizofungwa tangu kabla ya Krismasi, na kesho yake asubuhi, tunapovaa kwenda kazini, mwili unatukumbusha yote tuliyoupa kwa majuma mawili.

Sikukuu yenyewe siilaumu. Anayedhani watu wa Kilimanjaro hupanda nyumbani kila Desemba ili wale tu, hajawahi kusimama kwenye kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, asubuhi ya tarehe 26 akaona kinachotendeka pale. Makaburi yanasafishwa, kwa kuwa wazee wetu wamezikwa humo humo kati ya migomba na kahawa. Vikao vya ukoo vinakaa. Watoto wanabatizwa, wachumba wanatambulishwa, kesi ya mpaka iliyolala mwaka mzima inaamshwa na kusuluhishwa, na aliyekosana na kaka yake anapelekewa jani la sale la kuomba suluhu. Mlima ulijaa zamani, ardhi ikawa haitoshi kugawiwa kila mtoto wa kiume, na kwa vizazi kadhaa sasa riziki tunaitafuta mbali. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipofika tena Moshi Desemba 2019, baada ya kama robo karne ya ukimya, watu walijua bila kuambiwa kwa nini mwezi uliochaguliwa ulikuwa huo.

Ugumu ni kwamba mambo yote hayo yamebanwa ndani ya siku kumi na nne, na kila moja lina sahani yake. Ukitoka kwa baba mkubwa, unaitwa kwa shangazi. Ukitoka kwa shangazi, wakwe wanasubiri. Kila nyumba imechinja. Ukisema umeshiba, mwenye nyumba anaumia, kwa sababu mbuzi yule alikatiwa majani miezi mingi kwa ajili ya siku utakayofika. Basi unakula. Supu asubuhi, machalari mchana, nyama choma jioni, bia katikati, na keki ya kipaimara cha mtoto wa binamu kabla hujaingia kitandani.

Nimekuwa nikijiuliza, Januari hizi za joto kali ambapo Kibo, kilele cha mlima wetu, inaonekana wazi alfajiri kisha inajificha kwenye mawingu, kama wazee waliotuachia desturi hii waliila hivyo. Kadiri ninavyowasikiliza waliobaki ndivyo ninavyoamini kwamba hawakuila hivyo hata kidogo.

Mbuzi wa Kichagga hakuwa nyama tu. Alikuwa mgawanyo. Kila kiungo kilikuwa na mwenyewe: kuna kipande cha baba, kuna cha mjomba, cha dada aliyeolewa, cha wanawake wa nyumba, cha aliyechinja. Mpangilio hutofautiana ukoo kwa ukoo, na watu wa Siha watabishana na watu wa Rombo mpaka jua lizame kuhusu nani anastahili kidari, lakini kanuni ni ileile. Sally Falk Moore, Mmarekani aliyechunguza sheria za kimila za mlima huu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alizipa karamu hizi za kuchinja uzito mkubwa, kwani kwenye mgawo wa nyama ndipo alipoona nani ni ndugu wa nani na nani ana nafasi gani. Mimi naona na jambo la pili. Mbuzi mmoja akigawiwa watu thelathini kwa haki, hakuna anayekula kupita kiasi. Heshima inakuwa kwenye kuhesabiwa, na ukubwa wa kipande unakuwa jambo dogo. Mzee aliyepelekewa kipande chake kilichofungwa jani alijua kwamba hajasahauliwa, na kipande hicho huenda kilitosha mlo mmoja tu.

Vyakula vizito navyo vilikuwa na wenyewe. Mtori ulikuwa wa mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, aliyewekwa ndani miezi kadhaa asishike jembe wala kuni ili arudishe nguvu. Mlaso, ule mchanganyiko wa damu na mafuta au maziwa, ulikuwa wake pia. Kisusio kilipikwa siku ya kuchinja, damu ikiwa mbichi, na siku ya kuchinja haikuja kila wiki. Leo mtori uko kwenye migahawa ya mjini kila asubuhi, na supu yenye mafuta yanayoelea inauzwa karibu na kila kituo cha daladala. Siombi virudishwe jikoni kwa mzazi peke yake. Ninaloona ni kwamba tumechukua chakula cha siku maalumu tukakifanya cha kila siku, halafu siku maalumu ikifika, inabidi tuongeze mara tatu ndipo tuihisi.

Mbege nayo ilijilinda. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichache siku kadhaa. Gome la msesewa hutiwa kwa ajili ya ukali. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji, ndipo viungane. Hiyo ni kazi ya wiki nzima au zaidi, na ikiiva haingoji: baada ya siku chache imechachuka mno. Kwa hiyo mbege ililazimu kupangwa, kualika, kunywewa kwa kata inayozunguka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, kisha ikaisha. Kreti la bia haliishi. Mtu anatuma bodaboda saa tano usiku, na kreti jingine linafika. Najua vilabu vya mbege vimeharibu nyumba nyingi mlimani, na wanawake wengi wameyabeba mashamba na watoto peke yao kwa sababu ya kata ile ile ninayoisifu. Najua pia kwamba mgawo wa nyama haukuwa wa haki kwa kila mtu, na wanawake ambao walibeba majani ya mbuzi huyo kutoka tambarare mara nyingi walipata sehemu ndogo kuliko walioketi. Hayo siyafuniki. Lakini kipimo kilikuwepo, na kilikuwa ndani ya karamu yenyewe, hakikungoja daktari akilete Januari.

Kisha kulikuwa na miguu. Vihamba vingi viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya mahindi na maharage yako chini, kwenye joto. Mwanamke wa Kibosho au Old Moshi alishuka asubuhi, akalima, akakata majani ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani. Sokoni alikwenda kwa miguu. Mtoto alikwenda shule kwa miguu, akaenda kwenye mfereji wa mfongo kuteka maji kwa miguu, akatumwa chumvi kwa miguu, na kila safari upande mmoja wake ulikuwa mlima. Mwili wa namna hiyo ukipata nyama siku mbili mfululizo unaitumia yote. Sisi tunapanda hadi mlango wa nyumba kwa gari, tunaketi chini ya turubai, na tunashuka kwa gari.

Hivyo Januari inapofika na kila mtu hapa Soweto anaanza kusema habari za kujirekebisha, ninahofia neno lenyewe linachukuliwa vibaya. Jirani anaacha kula jioni kabisa. Mwingine ananunua majani ya kusafisha tumbo kwa mpita njia. Mwingine anakimbia siku tatu kwa hasira, goti linavimba, basi. Wote wanajiadhibu, na anayejiadhibu hungoja kwa hamu adhabu iishe. Februari inamkuta pale pale alipokuwa Novemba.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, ambamo watu wazima 195 walipimwa uzito kuanzia kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka hadi baada yake. Wengi wao walidhani wameongezeka sana. Ukweli ulikuwa kwamba kwa wastani waliongeza chini ya nusu kilo. Hilo lingekuwa jambo la kufurahia, isipokuwa nusu kilo hiyo haikuondoka miezi iliyofuata. Ilibaki, na mwaka uliofuata ungeikuta. Ninapowatazama wanaume wa rika langu, na vitambi vilivyojengwa Krismasi moja baada ya nyingine kwa miaka ishirini, naona hesabu hiyo imeandikwa mwilini. Madhara ya Desemba ni madogo kuliko tunavyoogopa tarehe 2, na makubwa kuliko tunavyokumbuka ifikapo Machi.

Nayo si mambo ya umbo tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila kumi na mmoja alikuwa na kisukari, na kama mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Kwenye ukoo wowote unaokutana mlimani Desemba, watu hao wapo pale chini ya turubai, na sahani zao ni sawa na za wengine. Yupo mjomba ambaye kidole gumba cha mguu kinawaka moto usiku wa tarehe 27, kwa sababu nyama, na hasa nyama za ndani, pamoja na bia, huongeza asidi ya yuriki kwenye damu, na asidi hiyo huganda kwenye kiungo kama chembe za kioo. Gauti haina huruma. Yupo mama mdogo aliyeacha dawa za presha mjini kwa kuwa alidhani angekaa siku nne. Tunawapenda watu hawa kwa dhati. Tunawaonyesha upendo huo kwa kuwaongezea kipande.

Nije sasa kwenye mnafu, maana ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Januari, fedha hazipo. Ada, sare, madaftari, nauli ya kumrudisha mtoto bweni, kodi ya nyumba ya miezi sita. Mkoba uliofunguka Desemba umefungwa kwa nguvu, na sufuria za Soweto zinakosa nyama. Sokoni Mbuyuni wanawake waliotoka mlimani alfajiri wamepanga mafungu: mchicha, figiri, majani ya maboga, na mnafu, ule wa majani madogo ya kijani iliyokolea. Watu wananunua mnafu na nyuso za huzuni. Nimesikia ukiitwa mboga ya Januari kana kwamba ni ugonjwa wa msimu, na nimemsikia mama mmoja akimwomba mwenzake asiwaambie wageni kwamba nyumbani kwake wamekula mnafu siku tatu mfululizo.

Jambo hili linanigusa sana. Mnafu ni mboga yenye madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi, inaota yenyewe penye samadi pembezoni mwa kihamba, haihitaji dawa, na uchungu wake ukishazoeleka ulimi unaudai. Ule na ugali wa dona, au na ndizi za kuchemsha, ongeza maziwa kidogo kwenye sufuria kama mama zetu walivyofanya, na hukosi kitu. Uji wa ulezi una chuma na kalisi, na humkalisha mtu hadi mchana bila njaa. Kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando. Kiburu, ndizi na maharage. Hivi vyote vinatoka kwenye kihamba kile kile tulichotoka kuegesha magari yetu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, mboga na viazi vikuu ardhini, mbuzi na ng'ombe zizini wakitoa samadi. Dunia ilikuja kusifu bustani ambayo mboga yake sisi tunaificha wageni wasione.

Desemba iliyopita nilimtazama bibi yangu wakati wa mlo. Amepita miaka themanini, bado anakata majani ya mbuzi mwenyewe. Wote tulipokuwa kwenye nyama, alikuwa jikoni na bakuli lake: ndizi, mnafu, maziwa mgando. Nyama aliila, kipande alichopewa kama mkubwa wa nyumba, akakitafuna taratibu, akamaliza, akanawa. Nikamwuliza, "Shikamoo bibi, mbona huongezi?" Akanijibu, "Marahaba mjukuu wangu. Nimeshapata yangu. Iliyobaki ina wenyewe."

Alikuwa anasema juu ya wajukuu ambao hawajafika. Lakini mimi nikasikia kanuni nzima ya mgawanyo kwenye sentensi hiyo. Mwanamke huyo hana cha kurekebisha Januari. Tulipoondoka tarehe 2, aliendelea na maisha aliyokuwa nayo tarehe 20, bakuli lile lile, mteremko ule ule. Sikukuu kwake ilikuwa wageni. Ndiyo maana ninashikilia kwamba tunapotafuta mazoea mema baada ya Krismasi hatupaswi kuukimbia mlima kana kwamba mlima ndio uliotunenepesha. Mazoea hayo yako juu kule, kwenye jiko la nyuma, na tuliyapita tukielekea penye nyama.

Kuyashusha mjini ni kazi ya taratibu. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja mpya kila mmoja, kama kula tunda mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Ilichukua wastani wa siku 66 tabia ijiendeshe yenyewe. Kwa wengine zilikuwa siku 18, kwa wengine miezi mingi. Nililolipenda zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kitu. Aliyeteleza Jumanne na kurudi Jumatano alifika. Dini zetu zinalijua hili tangu kale. Waislamu majirani zetu, Idi ikishapita, wengi wao hufunga siku sita ndani ya mwezi wa Shawwal, na huruhusiwa kuzitawanya. Sherehe inafuatwa na kiasi, kwa upole, bila mtu kujuta kwamba alisherehekea. Sisi Wakristo Kwaresma hutujia baada ya wiki chache, na wengi tunaingoja hiyo ituokoe. Ningependa tuanze mapema, kwa kitu kidogo.

Kwa Soweto kitu hicho mara nyingi ni kutembea. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla jua la Januari halijawa kali, watu wanatoka: walimu, wastaafu, akina mama wenye khanga juu ya suruali za mazoezi, vijana wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon. Mbio hizo, zilizoanza 2003, huanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na wanaokimbia nusu marathoni hupandishwa barabara ya Mweka kabla ya kurudi mjini. Huwa zinafanyika mwishoni mwa Februari au mapema Machi, kwa hiyo mji una sababu ya kuamka. Serikali nayo, tangu kampeni iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, iliitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Haya ni mema. Bado ninawaheshimu zaidi wale wanaotembea bila fulana ya mbio, wanaoshuka kwenye daladala kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu wamebeba mboga. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki. Bibi yangu huzimaliza ndani ya siku mbili, na hajawahi kuziita mazoezi.

Nimekwisha kuzungumza na baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikao cha ukoo wetu. Nimempa mapendekezo yangu ya Desemba ijayo: tuchinje kwa pamoja nyumba moja kila siku badala ya kila nyumba kuchinja yake, mgawo urudi na wanawake wahesabiwe sawa, wenye kisukari na presha wapikiwe kwa heshima na si pembeni, na sufuria ya mnafu iwekwe mezani penye nyama. Watakaoweza waache magari barabara kubwa wapande kwa miguu. Hakucheka. Aliniuliza nani atawaeleza wakwe, nikasema nitakwenda mwenyewe. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia hoja ya kuchinja kwa pamoja niilete mwezi wa sita, si Desemba, kwa sababu ikifika Julai kila nyumba itakuwa imeshamfunga mbuzi wake wa kunenepesha, na mwenye mbuzi zizini hashauriki tena.